Uzoefu wangu: wakala wa dosie za viza ya masomo, Lubumbashi

Nililipa dola 150 kwa wakala mmoja wa mjini Lubumbashi ili aniandalie dosie, yaani faili la maombi, ya viza ya masomo ya Ubelgiji, mwaka wa masomo 2024-2025. Kwenye makaratasi nampa alama nzuri. Kwenye barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unataka kusoma huko, hapana kabisa.

Yeye ndiye aliyenihimiza niwahi ekivalansi, yaani kutambuliwa rasmi Ubelgiji, ya diploma yangu ya sekondari, kwa sababu maombi yanatakiwa kufika kabla ya 15 Julai. Akanieleza pia Annexe 32, karatasi ya mdhamini. Baba mdogo anafanya kazi Charleroi, Ubelgiji. Alitia sahihi, komine yake (manispaa anakoishi) ikaithibitisha, akaambatanisha fishi za mshahara, yaani hati za malipo, za miezi mitatu, maana mwaka ule mwanafunzi alitakiwa kuwa na euro 803 kwa mwezi. Fishi moja ilikosekana. Wakala aliiona palepale, nami nilikuwa nimepitia ile bahasha mara mbili bila kugundua.

Barua alinipa imeshachapwa, imebaki sahihi tu. Nikaisoma nyumbani Katuba, umeme umekatika, mdogo wangu ananimulikia kwa tochi ya simu. Mstari wa tatu: nimechagua Liège kwa sababu ya bandari yake. Mimi nimepokelewa Namur, kusomea uuguzi! Mdogo wangu akauliza, "Yaya, hii ni barua ya nani?" Mikono ilinitetemeka. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka dosie.

Tuliandika upya mpaka usiku wa manane. Nilieleza jinsi nilivyojifunza kumdunga mama insulini, asubuhi na jioni, na kwa nini nataka kuifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Kwenye mahojiano waliniuliza hayohayo: kwa nini uuguzi, mwaka wa kwanza una masomo gani, nikifeli nitafanya nini. Nilijibu bila kukariri, maana yalikuwa yangu.

Viza ilitoka. Nilirudi kwa wakala na ile barua. Akaomba radhi, akanirejeshea dola 30. Kwa hiyo ukienda kwake, mwachie kupanga na kukagua karatasi, barua andika mwenyewe. Nilimsihi pia ampigie simu yule kijana wa Liège, mwenye barua ile, siku ileile, maana huenda naye ameshikishwa barua yenye Namur.