Mboji ya maganda ya kakao kwa mahindi: tathmini kutoka Bukavu

Mboji hii, inayouzwa kwa magunia katika duka moja la pembejeo karibu na soko la Kadutu, hutengenezwa kwa maganda membamba yanayobaki baada ya mbegu za kakao kukaangwa na kubanguliwa, kisha kuozeshwa pamoja na samadi ya mbuzi. Ni nyeusi, na ukiifikicha mkononi haina joto wala harufu kali, dalili kwamba imeiva vizuri. Sifa yake kubwa ni potasiamu, ambayo huimarisha bua la mhindi lisilale kwa upepo. Zaidi ya hayo, katika shamba letu la Kabare, lenye udongo mwekundu mgumu, imeufanya udongo uwe laini na ushike maji. Hata hivyo, naitrojeni yake hutoka polepole, na majani ya chini yalififia hadi tulipoongeza samadi ya kuku mimea ilipofika magotini. Kinachoniudhi ni kwamba gunia halionyeshi viwango vya virutubisho, ilhali bei si ndogo. Wenye mbwa wasiiache wazi, kwani maganda hayo yana theobromini, ambayo ni sumu kwao. Msimu wa Septemba nitainunua tena, mradi muuzaji anifungulie gunia nilikague kabla ya kulipa.