Udongo wa kiroba wa wauza maua: unalipa, ila fungua ukague kabla hujalipa

Kwa mliokuwa mnauliza kuhusu ule udongo uliochanganywa tayari, unaouzwa na wauza maua wa pembeni ya barabara huku Dar, mimi nimeuchukua nikapandia mchicha na sukuma wiki kwenye ndoo hapa kibarazani. Kiroba nilipewa kwa elfu tano, wanasema ndani kuna udongo mwekundu, samadi ya ng'ombe na makapi ya mpunga, mbolea ya dukani hamna kabisa.

Kiroba cha kwanza aisee sina neno. Mchanga wetu huku ukimwagilia maji yanapita chini fyuu na rutuba inaondoka nayo, ila huu unashika. Nilichota konzi nikafinya ukashikana, nikaugusa na kidole ukaachia, ndo inavyotakiwa, maana ukibaki donge ujue mfinyanzi umezidi na ukikauka hiyo ndoo inakuwa tofali. Makapi ndo yanafanya kazi hapo, hewa inapita na mizizi inatembea.

Sasa kiroba cha pili jamani! Nakifungua tu harufu kama ya mkojo ikanivaa puani, naingiza mkono katikati nasikia joto, yaani samadi haijaiva bado, haijaoza vizuri. Kumpigia muuzaji ananiambia "dada yangu hiyo ndo mbolea kali, mimea itaipenda". Itaipenda wapi, miche si inaungua mizizi, na mbegu za magugu zimo humo nzima zinasubiri maji tu. Ya kuku ndo usiseme, ile ni kali zaidi. Ikabidi nimwage yote kwenye turubai kivulini, niwe nainyunyizia maji kidogo na kuigeuza geuza mpaka ikapoa na harufu ikakata, ndo nikapandia. Kazi hiyo ilikuwa ya kwake si yangu, hela nilishalipa.

Kama ndo unaanza kabisa chukua kiroba kimoja tu, tafuta ndoo kuukuu, toboa matundu chini, halafu anza na mchicha, ndani ya wiki 3 au 4 unachuma. Nyanya ziache kwanza, zile zinakula sana na zina magonjwa yake. Ukishachuma ongezea mboji (yale majani na mabaki yaliyooza) juu konzi mbili tatu, tandaza nyasi kavu maana jua la hapa halina huruma. Majivu ya jikoni weka kiduchu, watu wanamwaga kopo zima eti ni dawa, yakizidi yanaharibu udongo.

Kwa ubora nampa 3 kati ya 5, huduma kwa mteja 1. Udongo wake nitachukua tena ila kiroba kinafunguliwa palepale mbele yake, nanusa, naingiza mkono, kikiwa cha moto nakiacha, na hela ya bodaboda mkubaliane mapema maana wanakutajia mzigo ukishapakiwa.