Smoka ya uani kwa familia ndogo: niliyoijutia na niliyobaki nayo

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu, na binti yetu wa miaka sita ambaye nyama anaila ikiwa tu haina "kitu cheusi" juu. Tunaishi Houston, nyumba ya kupanga, ua wa nyuma unatosha kamba ya kuanikia nguo, meza ya plastiki na jiko moja. Naanza na hesabu ya watu kwa sababu mimi mwenyewe sikuanza nayo nilipotafuta smoka, yaani jiko la kuivisha nyama kwa moshi, na ndiyo iliyonila pesa.

Ukikaa Texas, nyama ya moshi utaikwepa hadi wapi? Wenzangu kazini wakianza kuzungumza kidari cha ng'ombe, brisketi kama wenyewe wanavyokiita, ni kama wavuvi wanaosimulia samaki aliyekata mshipi. Mimi nimekulia Tanga, papa wa kubanika kwenye mchuzi wa nazi ndio utoto wangu, kwa hiyo harufu ile ilinipata kirahisi. Nikaenda dukani na picha ya Idi kichwani: wageni kumi na tano, wavu umejaa, mimi na aproni.

Nikanunua smoka ya kulala, ile yenye pipa refu na sanduku la moto pembeni. Dola 180. Kampuni siitaji, maana nimeona za kampuni nyingi za bei ile na bati ni lile lile.

Siku ya kidari cha kwanza niliwasha saa kumi alfajiri. Kufika saa mbili moshi ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Kipimajoto cha kwenye kifuniko kilisema nyuzi 120 za Selsiasi. Nikachomeka cha kwangu usawa wa nyama: upande wa sanduku 150, upande wa bomba 95. Bati likiwa jembamba halishiki joto, upepo ukipita tu moto unayumba, na kila dakika arobaini na tano unatakiwa utie kipande cha kuni. Nikikawia, joto linashuka. Nikitia kikubwa, linaruka. Smoka za aina hii zilizo nzuri zipo, chuma chake ni kinene kama milimita 6, ila bei ni mara kadhaa ya hiyo na kuzisogeza ni kazi ya wanaume wawili. Tulikula saa nne usiku. Mke wangu alisema ni tamu. Binti alikuwa ameshalala na mkate na siagi.

Kilichonifungua macho hakikuwa usiku ule, bali Jumamosi iliyofuata nilipotaka kuku mmoja tu. Pipa lile moto wake haujui kama umeweka kuku mmoja au kumi. Nilimaliza karibu mfuko mzima wa mkaa kwa kuku wa watu watatu. Baada ya hapo likawa linakaa tu chini ya turubai, na kila wikendi natafuta sababu ya kutolifunua.

Nikaanza kuuliza watu. Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko, ana smoka ya peleti, vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Kampuni ya Traeger, iliyoanzia Oregon, ndiyo iliyoanza na majiko hayo miaka ya 1980. Parafujo inasukuma vidonge polepole hadi kwenye moto, feni inapuliza, wewe unachagua joto kwenye kitufe na kwenda kulala. Nyama yake nimeila, sina la kuisema vibaya. Anayefanya zamu za usiku na asiyetaka kuchezea moto, hiyo ndiyo yake, sibishani naye. Mimi ilinishinda kwa mambo mawili: uani kwetu hakuna soketi, na moshi wake ni mwepesi mno kwa mtu aliyezoea papa. Halafu unyevu wa huku, vidonge vikipata maji vinaumuka vinarudi kuwa unga wa mbao. Za umeme mtupu nilizipita bila kusimama.

Kama tayari una jiko la duara lenye kifuniko, lile la muundo ambao George Stephen aliubuni Chicago mwaka 1952 kwa kutumia vipande vya maboya ya chuma, usinunue kitu kwanza. Panga briketi, ule mkaa wa kushindiliwa, pembezoni kama nyoka aliyejikunja, washa kichwa cha nyoka tu, moto utatambaa wenyewe saa tano sita na nyama ikae upande wa pili. Mimi sikuwa nalo, la sivyo makala haya yangeishia hapa.

Nilichobaki nacho ni Weber Smokey Mountain, ile ndogo ya inchi 14. Zipo tatu: 14, 18 na 22. Ni pipa fupi jeusi lililosimama. Chini mkaa, katikati bakuli la maji, juu nyavu mbili. Nilitoa dola 200 na ushee. Uzito wake ni kama kilo 10, naibeba peke yangu mvua ikianza.

Yale maji ndiyo siri yake. Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo bakuli linakaa kati ya moto na nyama kama mtu mzima kati ya watoto wanaogombana. Mkaa naujaza bila kuuwasha, kisha juu yake namimina vipande kumi hivi vilivyokwisha kushika moto. Njia hii wanaiita kwa jina la Jim Minion, mtu wa mashindano ya nyama aliyeieneza. Moto unashuka taratibu, unakula mkaa mmoja baada ya mwingine. Matundu ya hewa ya chini naanza kuyafunga kidogo kidogo joto likiwa bado linapanda kuelekea nilitakalo. Ukingoja lifike ndipo ufunge, umeshachelewa, na kulishusha ni shughuli. Kilo tatu za mkaa zinanipa saa saba, nyuzi 225 hadi 250 za Farenhaiti, yaani kama 107 hadi 121 zetu. Katikati ya muda huo nimekata nyasi, nimempeleka binti kuogelea, nimerudi, sindano iko pale pale.

Kuni natia vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, basi. Mwaloni unaouzwa huku kwa jina la post oak unanitosha. Mesquite niliijaribu mara moja, ni kali. Wakenya mtaitambua: ni ndugu wa mti wa mathenge wa Baringo, jenasi moja kabisa. Na moshi ukiwa mweupe mzito, ngoja, usiweke nyama. Huo ni moto uliokosa hewa na utakupa uchungu unaokaa ulimini hadi kesho. Moshi mzuri hauonekani vizuri, ni ule wa kibuluu unaouona tu ukisimama upande wa jua.

Kuku nampasua mgongo nikamlaza bapa, na siku hiyo maji siweki, nataka joto zaidi. Ngozi ya kuku kwenye joto la chini inakuwa kama kandambili. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema kuku afike nyuzi 74 ndani, na kwa hilo sikisii kwa macho, maana nyama ya moshi huwa ya waridi hata ikiiva.

Kidari kizima, cha kilo tano na zaidi, hakilali humo bila kukatwa. Wavu una upana wa sentimita 37 hivi. Mwanzoni niliona ni kasoro, kisha nikajiuliza watatu sisi tutafanya nini na kilo tano. Mwenye bucha ya halali ananikatia ile sehemu bapa, kilo mbili. Ikifika nyuzi 68 hivi inagoma, saa nzima au mbili haipandi. Mara ya kwanza nilidhani moto umekufa. Kumbe nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza kama linavyotupoza sisi. Naifunga kwenye karatasi ya buchani, naiacha hadi 95, kisha inalala saa nzima kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu. Mabaki ya Jumatatu yanaingia kwenye tui zito na bilinganya na ndimu. Hapo ndipo Tanga na Texas zilipopatana nyumbani kwetu.

Majivu yatoeni mapema, msiyaache yakalowa, yanakula chuma. Na kipimajoto cha kuchomeka nyamani, dola 20 tu, kinunueni kabla hata ya smoka.

Mtauliza, na Idi je? Mwaka huu walikuja kumi na wawili, shemeji zangu wa Dallas na watoto wao. Nilipika vipande viwili vya kidari, kimoja juu ya kingine, siku moja kabla. Asubuhi nikavipasha kwenye oveni na mchuzi wake. Hakuna aliyeuliza ukubwa wa jiko.

Lile pipa refu niliuza dola 40. Aliyelinunua alikuja na pikapu, akalizunguka mara mbili, akaniambia familia yake ni kubwa. Nikamuuliza wangapi. Akasema, "Wanne."