Dawa ya Kuloweka Kutu kwenye Mashine Kuukuu ya Kuranda

Mashine ya kuranda niliyoinunua ili niifufue katika karakana yangu ya nyumbani ilikuwa na mwili mzito wa chuma cha kusubu, na bolti zake zilikuwa zimeganda hivi kwamba ilikuwa vigumu kujua nati inaishia wapi na kutu inaanzia wapi. Nilipokwisha kuifungua yote, nilinunua lita 5 za dawa ya kuloweka, ile isiyo asidi, ambayo hunasa chembe za chuma zilizomo ndani ya kutu na kuuacha mwili wa kifaa bila kuudhuru.

Kwa vipuri vidogo, sina budi kuisifu. Skrubu ya kupandishia meza, iliyokuwa kama kijiti cha udongo mwekundu, ililala ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi nilipoisugua kwa mswaki mkuukuu, nyuzi zake zilijitokeza nzima na nati ikapanda kwa vidole tu, bila spana. Siki nayo hutoa kutu, lakini ukiisahau huanza kula chuma chenyewe.

Lebo, hata hivyo, inaahidi dakika 30, muda ambao labda unatosha kwa kutu ya juujuu. Tena haisemi kwamba grisi huizuia dawa isifike kwenye chuma, kwa hiyo vipande vyangu vya kwanza vilitoka na mabakabaka mpaka nilipoviosha kwa sabuni na kuviloweka upya. Vilevile, kipande kisichozama chote huchimbika mstari pale uso wa dawa unapoishia. Mkono wa kurekebishia kina ninao hapa na alama hiyo, na sidhani kama itatoka.

Meza haikuingia kwenye chombo chochote. Niliifunika kwa matambara yaliyolowa dawa, na juu yake nailoni ili yasikauke, nikarudia mara tatu, na bado msasa wenye mafuta ndio uliomaliza kazi. Vishimo vilivyokwisha kuliwa na kutu vimebaki, ingawa ubao unateleza juu yake bila shida.

Ukishasuuza, kausha na upake mafuta papo hapo, kwani chuma kitupu hushika kutu mpya upesi mno. Dawa yangu sasa ni nyeusi na inakwenda polepole, lakini puli ya mota imo ndani yake tangu jana, na tayari ukingo mmoja umeanza kung'aa.