VirtualBox na anwani ya IP isiyobadilika: tathmini kwa anayejenga seva ya majaribio kwenye laptopu

Anayejifunza kazi ya kusimamia seva bila kuwa na chumba cha seva huhitaji programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na kwa wanafunzi na mafundi wengi chaguo la kwanza ni VirtualBox, kwa kuwa hupatikana bila malipo na huendeshwa kwenye Windows, Linux na macOS. Ilianza katika kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na tangu 2010 imekuwa mikononi mwa Oracle. Tathmini hii haipimi kasi yake wala ubora wa picha zake. Inapima jambo moja tu, ambalo ndilo huamua kama seva ya majaribio itatumika au itatelekezwa: je, programu hii humwezesha mtu kuipa mashine pepe (kompyuta hiyo ya ndani) anwani ya IP (nambari ya kuitambulisha kwenye mtandao) isiyobadilika, akaifikia kwa anwani hiyo leo, kesho na popote atakapoihamishia laptopu yake?

Jibu langu ni ndiyo, ila njia iliyo bora siyo ile ambayo programu humwekea mtumiaji tangu mwanzo, wala siyo ile inayopendekezwa mara nyingi kwa wanaoanza.

Mashine mpya hupewa kadi moja ya mtandao iliyo katika hali ya NAT, ambapo hutoka nje kwa kupitia anwani ya kompyuta mwenyeji, yaani laptopu yenyewe. Ndani yake utakuta anwani 10.0.2.15, ruta ya kubuni katika 10.0.2.2 na huduma ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) katika 10.0.2.3. Intaneti inapatikana mara moja, na kwa hilo VirtualBox inastahili sifa, maana hakuna cha kusanidi. Lakini anwani hiyo, ingawa haibadiliki, haina faida kwa aliye nje, kwa sababu kompyuta mwenyeji haiwezi kuifikia bila kuelekeza milango ya mtandao (port) mmoja mmoja, na mashine ya pili ukiiwasha katika hali hiyohiyo nayo itapewa 10.0.2.15, kila moja ikiwa ndani ya kuta zake.

Ushauri unaofuata kwa kawaida ni kuhamia hali ya daraja, yaani Bridged, ambapo mashine pepe huonekana kwenye mtandao wa ofisi au wa nyumbani kama kompyuta kamili. Kwa kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa kebo na isiyohama, ushauri huo ni mzuri. Kwa laptopu, na hasa kwa mtu ambaye asubuhi yuko kwenye ruta ya ofisi na jioni anatumia hotspoti ya simu, haufai. Anwani uliyoiandika kwa mkono kulingana na safu ya anwani za ofisi haitakuwa na maana kwenye safu inayogawiwa na simu, hivyo kila unapohama itabidi uingie tena kwenye faili la mipangilio ya mtandao. Isitoshe, adapta nyingi za Wi-Fi haziruhusu pakiti zipite kwa anwani ya MAC (nambari ya kadi ya mtandao yenyewe) isiyo yao, kwa hiyo VirtualBox hulazimika kuibadilisha anwani hiyo njiani, na baadhi ya mitandao huukataa mpango huo. Pia ni vibaya kujichagulia anwani kwenye mtandao wa watu wengine bila kumuuliza anayeusimamia, kwani ukigongana na anwani iliyokwisha kugawiwa, anayekatikiwa mawasiliano ni mwenzako.

Uzuri wa VirtualBox uko katika hali ya Host-only, na ndiyo sababu ninaipendekeza. Huu ni mtandao unaoishi ndani ya laptopu yenyewe, usiotegemea ruta wala simu. Kwa kawaida safu yake ni 192.168.56.0/24, kompyuta mwenyeji ikiwa 192.168.56.1, na huduma yake ya DHCP (inayogawa anwani bila kuandikwa kwa mkono), ikiwa imewashwa, hugawa kuanzia 101 kwenda juu, kwa hiyo nambari kati ya 2 na 99 unaweza kuzitumia bila hofu ya kugongana. Mpangilio unaofaa ni kadi mbili: ya kwanza ibaki NAT kwa ajili ya intaneti, ya pili iwe Host-only kwa ajili ya SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali) na huduma unazozijaribu. Ndani ya Ubuntu Server kadi hizo huonekana kwa majina enp0s3 na enp0s8, na faili la Netplan (chombo cha Ubuntu cha kusanidi mtandao) lililomo ndani ya /etc/netplan huandikwa hivi:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.56.20/24

Angalia kwamba chini ya enp0s8 hakuna ruta wala DNS. Hilo limekusudiwa. Mtandao wa ndani hauna njia ya kwenda nje, na anayeuandikia njia ya msingi (ya kutokea nje) huishia na mashine yenye njia mbili zinazoshindana, kisha akashangaa mbona apt (amri ya kusakinisha programu) haipakui kitu. Nafasi za mwanzo wa mistari ziandikwe kwa mwambaa wa nafasi, kamwe si kwa kitufe cha Tab, na faili lipewe ruhusa 600 (mwenye faili pekee ndiye alisome na kuliandika). Badala ya netplan apply, tumia netplan try, ambayo hurudisha mpangilio wa zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Kwa anayefanya kazi kupitia SSH hiyo ni hisani kubwa.

Kasoro zipo. Kwenye Linux mtandao wa Host-only lazima uuunde mwenyewe kwanza, na sehemu ya kuuundia imewekwa mbali na mipangilio ya mashine, kiasi kwamba anayeanza huona orodha tupu asijue pa kwenda. Tangu toleo la 6.1.28, Linux na macOS hukubali tu anwani zilizomo ndani ya 192.168.56.0/21; anayetaka safu nyingine lazima aitaje katika faili la /etc/vbox/networks.conf, na ujumbe wa kosa haumsaidii sana asiyelijua hilo. Unaponakili mashine, chagua itengenezewe anwani mpya za MAC kwa kadi zote, lakini kumbuka kuwa anwani ya IP iliyo ndani ya faili hunakiliwa pia: ibadilishe kabla ya kuwasha mashine zote mbili pamoja.

Hata hivyo, ukilinganisha, Default Switch (mtandao wa kuanzia) ya Hyper-V, programu ya aina hii iliyo ndani ya Windows, huweza kubadilisha safu yake kompyuta inapowashwa upya, jambo linaloondoa maana yote ya anwani isiyobadilika hadi utakapounda swichi yako mwenyewe. KVM, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, ni imara zaidi, lakini ni ya Linux pekee.

Neno kuhusu leseni: programu ya msingi ni huria, ila Extension Pack (kifurushi chake cha nyongeza) ina masharti yake, na matumizi yake ya kibiashara huhitaji kulipiwa. Kwa yote yaliyoelezwa hapa haihitajiki, hivyo chuo au ofisi isiisakinishe kwa mazoea tu.