Uzoefu wangu: kununua robo ya ng'ombe moja kwa moja shambani

Nilichukua robo ya ng'ombe shambani na nimeridhika sana. Nyama nzuri ni kazi ya mfugaji, lakini utakachokula miezi yote ijayo unakiamua wewe, siku unapojaza fomu ya kukatiwa, ile ya kuandika unavyotaka nyama yako ikatwe.

Kwanza suala la kilo, maana hapo ndipo watu huhisi wamepunjwa. Kwa kawaida unalipia uzito wa nyama iliyotundikwa, yaani baada ya kuondolewa kichwa, ngozi na matumbo. Ng'ombe wa kilo 500 akiwa hai hubaki na kilo 300 hivi. Robo yake ni kama kilo 75. Ukitoa mifupa, mafuta na maji yanayokauka kwenye chumba cha baridi, unabeba kilo 45 hadi 50. Hujaibiwa. Friza ya lita 100 inatosha.

Shamba nililonunua huchanganya robo: kila mteja hupata nyama ya mbele na ya nyuma. Nauona ni utaratibu wa haki, kwa sababu sarara kila mtu anaitaka na ng'ombe mzima ana mbili tu, zimelala chini ya uti wa mgongo. Mgawo wako hautapita milo michache.

Uhondo wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye bega na shingo. Misuli hiyo imefanya kazi maisha yote ya mnyama. Ukiichoma harakaharaka utatafuna mpaka taya ziume. Iache kwenye moto mdogo saa 3, kano zake zinalainika na kuyeyukia kwenye mchuzi, unakuwa mzito bila kutiwa unga, unanata midomoni. Ndiyo maana niliandika bega likatwe mapande ya kilo moja na nusu. Usipoandika kitu, sehemu kubwa itasagwa. Nyama ya kusaga inafaa kuwa nayo, lakini kwenye friza huanza kupoteza ladha baada ya miezi 4 hivi, wakati pande zima likifungwa bila hewa hukaa hata mwaka.

Steki niliomba za unene wa sentimita 2.5, na nasisitiza kipimo hiki. Nyembamba hukauka ndani kabla hazijashika rangi nje.

Yaliyoniudhi ni mawili. Mifupa ya supu, mkia na ulimi havikuja, nikaambiwa huhifadhiwa kwa anayeomba, ilhali fomu haina pa kuombea. Hilo ni la kurekebishwa. Pili, pakiti zote za steki ziliandikwa "steki" tu. Ya paja na ya mgongoni hazipikwi sawa, ikabidi nizitambue kwa macho: ya paja ni nyekundu iliyokolea, nyuzi zake zimenyooka na ndani haina mafuta, ya mgongoni ina mistari myembamba ya mafuta na ukanda mweupe pembeni. Ya paja nikaikata vipande vyembamba kukingama nyuzi, ikawa laini.

Kama nyumbani kwenu hamna muda wa kupika taratibu, tafuteni shamba lisilochanganya robo mchukue nyama ya nyuma tu, hata kama bei ya kilo ni kubwa zaidi. Mimi nitaagiza tena mchanganyiko uleule, na mifupa nitaiandika kwa kalamu juu kabisa ya fomu.