Uzoefu wangu: zulia la Wanavajo la mtindo wa Two Grey Hills

Zulia lenyewe lina futi 3 kwa 5. Ni kazi ya Wanavajo, Wenyeji wa Asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, na Two Grey Hills ni mahali huko New Mexico palipoupa mtindo huu jina. Lilitoka kwenye mnada wa Crownpoint, New Mexico, ambako mazulia hutandazwa mezani kwanza na mnunuzi huruhusiwa kuyashika, kuyageuza na kuyapima. Rangi zake ni nyeupe, kijivu, kahawia na nyeusi, basi. Kijivu hakikutiwa rangi: sufu nyeupe na nyeusi huchanwa pamoja kwa machanuo ya waya kabla ya kusokotwa, ndiyo maana ukisogea karibu unaona kijivu kinapanda na kushuka kutoka mstari hadi mstari. Nyeusi ndiyo huongezwa rangi mara nyingi, kwa kuwa sufu ya kondoo mweusi peke yake huelekea kahawia. Anayetaka rangi iliyolingana kama ya kiwandani, mtindo huu haumfai.

Wanunuzi wengi huanza na maua, yaani nakshi. Mimi huanza na pindo. Kitanda cha mfumi cha Wanavajo husimama wima, na mtande wake, yaani nyuzi za wima, ni uzi mmoja usiokatwa, unaozungushwa kwa umbo la nane kati ya mti wa juu na wa chini. Zulia likiisha hakuna nyuzi za kukata: pande zote nne zimefungwa, matamvua hayapo, isipokuwa vishada vidogo kwenye pembe nne pale kamba za pindo zinapofungiwa. Mtande wa langu ni sufu iliyosokotwa kwa nguvu, na kamba za kando zinapanda sawasawa kutoka chini hadi juu.

Kwa kulinganisha nililiweka kando ya zulia la ukubwa huohuo lililouzwa dukani kama la "mtindo wa Kinavajo". Maneno hayo yana ujanja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kazi ya mtu mwingine kama kazi ya Wenyeji wa Asili, lakini neno "mtindo" halimdai muuzaji chochote. Lile la pili mtande wake ni wa pamba, na kando zake zina nyuzi mbili tatu za mtande zilizowekwa pamoja, kiasi kwamba kidole kinahisi tuta. Matamvua yake yamerudishwa ndani kwa sindano. Ukipitisha kiganja mwishoni mwa zulia unakuta vijituta vimelala sambamba, kisha ghafla pananyooka. Hiyo ni kazi ya kitanda cha kukanyagia kwa miguu. Wafumaji Wazapoteki, wenyeji wa Teotitlán del Valle, Oaxaca, nchini Mexico, hutumia kitanda cha aina hiyo na ni mafundi hodari. Zulia lao likiuzwa kwa jina lao, nunua bila wasiwasi.

Alama nyingine ni mistari ya mshazari. Mfumaji wa Kinavajo haburuti mshindio, uzi unaopita kwa upana, toka ukingo hadi ukingo kila mara. Hujaza sehemu moja akiwa amekaa, kisha husogea kando. Sehemu mbili zinapokutana hubaki mshono mwembamba wa mshazari, unaoonekana ukiliinua zulia mbele ya dirisha. Si kasoro. Ukosefu wake pia hautoshi kulikataa zulia. Vivyo hivyo uzi mwembamba unaotoka katikati na kukata mpaka hadi pindoni, ambao baadhi ya wafumaji huuacha kama njia ya roho ya mfumaji kutokea: wauzaji hupenda kuuonyesha kama ushahidi, ilhali mwigaji yeyote anaweza kuufuma.

Sasa kasoro za kweli. Zulia hufumwa kuelekea juu, na nafasi ya kupitishia mshindio huzidi kubana kadiri mti wa juu unavyokaribia. Mfumaji hubadilisha mbao za kutenganishia, kila mara nyembamba zaidi, na mwisho hupitisha uzi kwa sindano ndefu. Hapo ndipo upana huponyoka. Pima chini, katikati na juu: langu limepungua karibu inchi moja juu, na kwa ukubwa huu naikubali. Kisha litandaze kwenye sakafu ngumu. Pembe ikijikunja, kamba ya pindo ilivutwa kuliko mshindio, na kulibana kwa meza hakutaitibu. Pembe moja ya langu hujikunja kidogo. Katika kulipa alama, nyota moja nimeipunguza hapo.

Bei huwashtua watu. Mwaka 1973 chuo cha jamii cha Wanavajo kilipiga hesabu ya zulia moja kikapata saa 345: 45 za kukata na kuandaa sufu, 24 za kusokota, 60 za kutia rangi, 215 za kufuma, na 1 ya kuliuza. Gawanya bei unayotajiwa kwa hesabu hiyo kabla hujaomba punguzo.

Matunzo: mashine ya kufulia ni marufuku, maana sufu hujikaza na kugandamana. Zulia lenye nyekundu lijaribiwe kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji; kikigeuka rangi ya waridi, mpelekee fundi wa kusafisha mazulia ya mkono. Usilikung'ute kwa kulipiga hewani, mtande hukatika mwishoni. Mashine ya kunyonya vumbi itumike bila brashi inayozunguka, pande zote mbili. Adui mkubwa ni nondo, nao hupenda pasipoguswa: chini ya kochi, nyuma ya zulia la ukutani. Ukilihifadhi, liviringishe, usilikunje. Ukilitundika, shona utepe wa kunata (velcro) upande wa juu, sindano ipite kwenye mtande, misumari hutoboa.

Langu liko ukutani, kwa sababu mshindio laini wa Two Grey Hills haupendi viatu. Kwa sakafu ya nyumba yenye watoto ningenunua blanketi la tandiko la farasi, futi 2 na nusu kwa 5. Ni nene, na maua yake mara nyingi yako pembeni tu, kwa kuwa katikati hufunikwa na tandiko.